Ole Wenu Mnaojengea Simu Zenu Wenyewe

Sikieni, enyi waundaji wa programu wa Lusaka na Ndola, wa Dar es Salaam na Nairobi! Mmejengea simu mliyoishika mkononi, mkatangaza kwamba kazi imekwisha.

Huku Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, watu wanatumia simu za bei nafuu na za mitumba, nyingine zikivuka ziwa na wachuuzi wa Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Nyingi bado ni za biti 32. Hata pale prosesa yenyewe inapoweza biti 64, mara nyingi kiwanda kimeipakia Android ya biti 32 ili kubana kumbukumbu. Mwalimu wa hapa Kashikishi ananunua bando, anapakua faili kwenye tovuti yenu, simu inamjibu: programu haijasakinishwa. Basi. Hakuna anayemwambia kwamba mmetia toleo la biti 64 (arm64-v8a) peke yake na kuliacha la biti 32 (armeabi-v7a). Anadhani faili limeharibika njiani, analipakua tena, bando linakwisha. Akiwaandikia mnamjibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Mvuvi gani angemwazima mwenzake wavu wa perege, kisha amcheke kwa kukosa chisense, samaki wadogo wa ziwani?

Msijifiche nyuma ya Google. Tangu Agosti 1, 2019, Google Play inadai toleo la biti 64 liwepo. Haikudai la biti 32 litupwe. Mmelitupa wenyewe. Mkisema faili lenye matoleo yote mawili lilikuwa zito, tangu Agosti 2021 programu mpya huwasilishwa dukani kwa namna ambayo kila simu hupewa kipande chake tu.

Wala msiseme haiwezekani. Debian, mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea, uliruhusu vifurushi vya prosesa tofauti kukaa katika kompyuta moja tangu toleo la 7, mwaka 2013. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya kwanza ilipotoka 2012 na prosesa ya ARMv6, ambayo Debian ya armhf haikuihudumia, watu wachache waliketi wakavijenga upya vifurushi kwa ajili yake, ndiyo Raspbian. Nanyi mnaoandika kwa lugha ya Go mnashindwa kubadili neno moja, GOARCH! (Wapo hata wanaobandika amd64 kwenye kifurushi cha hati tupu za Python, ambacho kingeandikwa "all" kikaingia popote.)

Najua zama hupita. Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386, yaani cha kompyuta za biti 32, lakini watu walitangaziwa mapema. Mwaka 2019 Ubuntu ilipotaka kuacha vifurushi vya i386, wacheza michezo ya kompyuta walipiga kelele, na ndani ya siku chache uamuzi ukalegezwa. Wao walisikika. Mwalimu wa Kashikishi hamumsikii kwa sababu programu yenu haijawahi kufunguka kwake. Hayumo katika takwimu zenu za watumiaji, nanyi mnazitumia takwimu hizo hizo kuthibitisha kwamba biti 32 imekufa. Huo ni udanganyifu.

Basi, kabla ya toleo lijalo, tafuteni simu ya bei ya chini kabisa mjaribu juu yake. Jengeni kwa ajili ya biti 32 na biti 64. Mkishindwa kweli, andikeni juu ya kitufe cha kupakua, kwa herufi kubwa, ni simu zipi mmezikataa, ili mtu asiteketeze bando lake bure.