Saa Tatu Usiku, Jua Likiwaka

Mtunzi anayebuni ulimwengu wake huanza na jua: liwe moja au mawili, mwaka uwe na siku ngapi, siku ianzie wapi. Akiwa mwangalifu, hesabu zake hulingana. Kalenda aliyoirithi Mswahili haikumpata mtunzi wa namna hiyo. Juma lake lina siku ya tano mara mbili: Jumatano, ikihesabiwa kutoka Jumamosi, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ikihesabiwa kutoka Jumapili. Mhariri wa riwaya angeirudisha kazi hiyo kwa masahihisho. Watu wameishi ndani yake karne nyingi bila kugombana.

Ugomvi huzukia mahali kama Highview, kusini-mashariki mwa Louisville, jimboni Kentucky. Na uchukuliwe mfano wa bibi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na mjukuu aliyesomea Marekani. Jioni ya Juni bibi anasema ni saa tatu usiku, watu walale. Mtoto anachungulia dirishani. Jua bado halijazama. "Usiku gani huu, bibi?" Desemba mambo hugeuka: saa moja asubuhi ni giza tupu, na jua huchomoza inapokaribia saa mbili. Mtoto anakata shauri kwamba saa ya bibi ni ya uongo.

Je, ni ya uongo? Utetezi uliozoeleka ni kwamba saa ya Kiswahili ni saa ya maumbile: jua likichomoza, hesabu inaanza. Ni utetezi mzuri, ila Kigoma yenyewe haiuungi mkono. Saa ya Tanzania hupimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita mbali baharini, mashariki ya Dar es Salaam. Kigoma iko karibu na digrii 30. Huko jua huchomoza yapata saa moja, na hakuna aliyewahi kumwita jirani yake mwongo kwa sababu hiyo. Bibi alikwisha kuishi na saa isiyolifuata jua kabla hajapanda ndege.

Wala saa ya mjukuu si safi zaidi. Louisville ilihamishiwa majira ya Mashariki mwaka 1961, na kila kiangazi saa husogezwa mbele tena. Mwezi Juni jua la mji huo hufika utosini zaidi ya saa moja na nusu baada ya saa kutangaza adhuhuri. Kama kosa ni kuachana na jua, wote wawili wamekosa, na mji umekosa pamoja nao.

Kwa hiyo ukweli wa saa hautafutwi angani. Hutafutwa kwa anayengojwa na anayengoja, na hapo ndipo mtoto ana deni ambalo hajalijua. Zahanati imepiga simu kwa Kiingereza kumpangia bibi miadi ya alasiri. Mtoto amesikia mbili, akatafsiri mbili. Tarakimu hakuikosea. Bibi amejifunga kitenge tangu alfajiri, ameketi sebuleni na mkoba mapajani, akisubiri gari ambalo halitafika mpaka karibu na saa nane.