Kitufe Kisichoandika Neno

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na kwa kauli hiyo waliupima mkono kwa kile uletacho. Lakini iko hali nyingine ambayo methali hiyo haikuigusa: mkono usioleta wala kupeleka, unaochezea kitu tu huku mwenyewe akiwaza. Je, mchezo wa namna hiyo ni upuuzi? Na kitu kisichozalisha chochote, chastahili kuchaguliwa kwa uangalifu?

Swali hili limeletwa na kidude kidogo cha mezani. Katika baadhi ya kibodi za kompyuta, chini ya kila kitufe mna swichi yake: kisanduku cha plastiki chenye springi na vipande vya chuma vinavyogusana kitufe kinapobonyezwa. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilizipambanua swichi zake kwa rangi, na watengenezaji wengi wakaifuata. Nyekundu hushuka laini hadi chini, safari ya milimita 4. Ya kahawia ina kikwazo kidogo njiani, ambacho kidole hukihisi. Ya buluu ina kikwazo na mlio pia: ta! Siku hizi wapo wanaozitia swichi mbili tatu katika kasha, wakaziweka mezani pasipo kuziunga na kompyuta. Hubonyezwa kwa ajili ya kubonyezwa. Haziandiki hata herufi moja.

Nayaandika haya Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, mbali na bahari, katika nchi ya pamba. Hapa msimu wa kuchuma ukifika, vidole havina nafasi ya kuchezea kitu. Atakayemweleza mchumaji kwamba kuna mtu anayechagua rangi ya kitufe kisichofanya kazi atachekwa, na kicheko hicho kina haki yake.

Hata hivyo, mkono uliochoka nao hautulii. Mcheza bao huzigonganisha kete kiganjani akingoja zamu yake. Mzee barazani huuvunjavunja ujiti huku akisikiliza habari. Tasbihi nayo hupita vidoleni, ila yenyewe ina heshima ya pekee, kwani kila punje ni dhikri iliyohesabiwa. Swichi haihesabu kitu. Ni ndugu wa ujiti, si wa tasbihi, na tusiipandishe cheo.

Sisi washairi tuna mashaka yetu zaidi, kwa kuwa vidole ndivyo mizani yetu. Mizani 8 za mshororo wa utenzi, 16 za shairi, wengi tumezihesabu kwa kugusa kidole baada ya kidole. Nimezijaribu swichi kwa kazi hiyo. Ya buluu hulia sawasawa kwa kila silabi. Haijui mkazo, haijui kina cha kati wala cha mwisho. Sikio hufuata mlio, nalo neno likapita bila kusikika. Ya kahawia hukiambia kidole peke yake, sikio likabaki na shairi.

Hapo ndipo uchaguzi huu mdogo unapogeuka kuwa suala la maadili. Raha ya swichi ya buluu haiishii kwa mwenyewe: jirani wa meza ya pili huisikia pia, naye hakuiomba. Anayechagua rangi kwa kidole chake tu amesahau kwamba sauti haina mipaka ya kiwanja. Na hata iliyo kimya ina mtihani wake. Mgeni akija kukueleza msiba wake, akauona mkono wako ukibonyeza, atajuaje kwamba moyo wako uko naye?

Mimi nashika kipimo kimoja: mgeni akishamaliza kusema, naweza kuyarudia maneno yake? Nikiweza, mkono umecheza bila kumdhulumu mtu. Nikishindwa, basi kile kidude si mchezo tena, kimekuwa pazia. Akiona pazia hilo, mgeni hatarudi kueleza mara ya pili.

Basi chagua, tena chagua kwa makini. Chombo cha kazi hutetewa na faida yake, hata kikiwakera watu. Kitu kisicho na faida hakina utetezi huo. Kimebaki na adabu ya aliyekichagua, na kwa adabu hiyo majirani watamjua.