Haki ya Mgonjwa wa Ukimwi juu ya Waislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakuteremsha maradhi illa ameyateremshia na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa akiwazuru wagonjwa wa mji wake, wakubwa kwa wadogo, hata yule asiyekuwa Mwislamu.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu hapa Machakos, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, ndugu mmoja aliuliza suali hili: “Sheikh, mtu aliyejitakia Ukimwi kwa maasi yake mwenyewe, je, anazo haki juu yetu sawasawa na mtu aliyeugua malaria?” Darasa ilinyamaza kimya. Suali lile lilikuwa limo katika vifua vya wengi, ila yeye ndiye aliyethubutu kulitoa. Mimi namshukuru, kwani maradhi yaliyomo kifuani hayatibiki mpaka yatajwe.

Kabla ya kujibu yanipasa nikiri jambo. Miaka mingi nyuma, nikiwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, niliitwa kwenye msiba katika nyumba moja ya vilimani, nje ya mji. Aliyefariki alikuwa dereva wa lori, Mkamba aliyesilimu huko pwani. Mama yake alikuwa Mkristo. Waoshaji wawili walifika, wakasikia minong’ono ya majirani, wakasimama mlangoni wasiingie. Kisha wakanitazama mimi. Nami nikasema kuwa iko ruhusa ya kumtayamamia maiti. Nikaufunga mkono kitambaa, nikampaka vumbi kwa haraka, tukamvisha sanda.

Mama yake alikuwa ameambiwa na watu kwamba Waislamu huwaosha maiti wao, naye tangu alfajiri alikuwa akichota maji mtoni. Madumu manne yalikuwa yamepangwa ukutani. Akaniuliza, “Mwalimu, maji si ndiyo haya?” Nikamjibu, “Mwaitu, leo hayahitajiki.” Tulipoondoka na jeneza niliyaona madumu yale pale pale.

Tayamamu ni ruhusa ya aliyekosa maji, au ya mwili ambao maji yatauharibu. Siku ile maji yalikuwapo na mwili ulikuwa mzima. Glavu zilipatikana mjini, na daktari yeyote angalituambia kwamba kwa glavu na uangalifu wa kawaida maiti yule huoshwa kama wengine. Tulilolikosa ni elimu na ushujaa. Fatwa yangu ilikuwa ni hofu iliyovishwa kilemba. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na jibu hili ni sehemu ya toba yangu.

Sasa tuingie katika jibu lenyewe. Watu wengi wanaowatetea wagonjwa hawa husema: Msiwadharau, kwani wengi wao hawana kosa. Yuko mke mwema aliyeletewa maradhi na mumewe. Yuko mtoto aliyezaliwa nayo. Yuko muuguzi aliyechomwa na sindano kazini. Tena husema kwamba ugonjwa si alama ya kughadhibikiwa na Mungu, na hayo ni kweli tupu. Nabii Ayyub aliugua miaka na miaka hali ni mtume. Na katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639 ya Miladi, tauni ya Amwas katika nchi ya Sham iliwaua Abu Ubaida bin Jarrah na Muadh bin Jabal. Abu Ubaida ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh ni miongoni mwa wajuzi wakubwa wa halali na haramu. Nani atathubutu kusema kwamba wao waliadhibiwa?

Hoja hizi ni sahihi, lakini hazitoshi. Ndugu yetu muulizaji ataweza kusema: Mimi sikuuliza juu ya mke wala mtoto, nimeuliza juu ya mwenye kosa. Naye atakuwa amesema kweli. Maana tukimtetea mgonjwa kwa sababu hana kosa, basi tumekwisha kukubali kwamba mwenye kosa hana haki. Kisha tutalazimika kuchunguza nani anastahili huruma na nani hastahili, na kila mgonjwa atakuwa mshitakiwa mpaka alete ushahidi. Huo ndio mlango uletao madhara yote.

Basi na tumtazame huyo mwenye kosa mwenyewe. Katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuja mtu jina lake Maiz, akakiri kuwa amezini. Mtume akamgeuzia uso, akaja upande wa pili, akamgeuzia tena, hata akakiri mara nne. Na yule Hazzal aliyemshauri aende akajitaje, Mtume alimwambia kwamba lau angalimsitiri kwa nguo yake ingalikuwa kheri kwake. Tena watu wawili walipomsimanga Maiz baada ya kufa kwake, Mtume aliwakemea makemeo makali. Kadhalika yule mwanamke wa kabila la Ghamid: Khalid bin Walid alipomtukana kwa sababu damu yake ilimrukia, Mtume alimkataza, akaieleza toba yake kuwa ni kubwa mno, kisha akaamrisha asaliwe na azikwe.

Zingatia, ewe ndugu msomaji. Hawa walikiri kwa ndimi zao mbele ya Mtume, tena bila ya kulazimishwa. Kosa lao halikuwa dhana wala uvumi. Na juu ya hayo, heshima yao haikuanguka, wala haki ya kusaliwa na kuzikwa haikuondoka. Ikiwa huyo ambaye kosa lake limethibiti amebaki na haki zake, basi yule ambaye hatujui lolote juu yake, ila kwamba anakwenda kuchukua dawa, itakuwaje? Mtume ametufundisha haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na miongoni mwazo ni kumrudishia salamu, kumzuru akiugua na kulifuata jeneza lake. Hakuongeza sharti kwamba kwanza tuulize ameyapata wapi maradhi yake. Aliyeongeza sharti hilo ni sisi.

Basi jibu langu ni hili: Ndiyo, anazo haki sawasawa na mgonjwa wa malaria. Na lile suali la “kayapataje?” si letu kuliuliza. Sura ya Hujurat imekataza dhana mbaya, na kupelelezana, na kusengenyana, yote matatu katika aya moja; na anayeuliza “kayapataje?” huyakusanya yote matatu katika neno moja. Hata mahakama za nchi zimeliona jambo la sitara. Mwaka 2015 serikali yetu iliamrisha yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ikahukumu kwamba amri ile imevunja haki yao ya faragha. Yafaa tuone haya kutanguliwa na mahakama katika jambo ambalo dini yetu ililisema karne kumi na nne zilizopita.

Huenda pakatokea mwenye kusema: Sheikh, maneno haya yatawafungulia watu mlango wa zinaa, kwani aibu ndiyo iliyowazuia. Twamjibu: Kukataza zinaa ni wajibu wetu, na mimbari zipo, na vijana wapo wazima wanaoweza kusikia. Lakini kumwaibisha aliyekwisha kuugua si kukataza maovu, ni kuyaongeza. Kwani madaktari wamethibitisha kwamba mgonjwa atumiaye dawa sawasawa, hata virusi vikapungua katika damu yake visionekane kwa vipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Na mama mja mzito atumiaye dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto wake hushuka chini ya watoto watano katika mia, na bila ya dawa yaweza kufika hata arubaini na tano. Sasa aogopaye aibu hapimwi. Asiyepimwa hapati dawa. Na asiyepata dawa humpa mkewe maradhi bila ya kujua. Kwa hiyo dharau yetu, ambayo siku hizi huitwa unyanyapaa, haiilindi jamii. Inayalea maradhi kwa siri.

Hata hivyo sitara nayo ina mpaka wake. Msingi wa sharia yetu ni kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe. Mwenye kujua kuwa anayo maradhi na akaoa kwa kuficha amemdhulumu mwenziwe, na dhuluma hiyo haisitiriwi na dini. Kwa hiyo ni vizuri wachumba wapimwe kabla ya nikahi. Lakini majibu ni ya wao wawili. Si ya kamati ya msikiti, wala ya wazee wa posa, wala ya huyo anayefungisha ndoa.

Ewe ndugu, maradhi haya yalitambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1984, na ilifika Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoyatangaza kuwa ni janga la taifa. Katika miaka hiyo kumi na mitano misikiti mingi na makanisa mengi yalinyamaza, au yalisema neno moja tu: adhabu. Lakini hawakunyamaza wote. Waislamu wa Uganda walitutangulia. Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya huko, iliyoundwa mwaka 1988, ilishirikiana na masheikh wao kutangaza jihadi juu ya Ukimwi. Na mwaka 1992 ikaanza katika wilaya ya Mpigi kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, wakawa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuelimisha na kuzuru wagonjwa. Na jirani zetu Wakristo, mwaka huo huo wa 1992, padri daktari Angelo D’Agostino alianzisha Nairobi nyumba ya kulea watoto yatima wenye virusi, akaiita Nyumbani. Na mwaka 2006 kikafunguliwa kijiji cha Nyumbani huko Kitui, hapa hapa Ukambani kwetu, mahali ambapo yatima na wazee waliofiwa na wana wao huishi pamoja. Je, sisi wa Machakos tuna nini cha kuonyesha?

Na sasa haja imezidi. Tangu mwaka 2003 serikali ya Marekani ililipia sehemu kubwa ya dawa na kliniki hizi katika nchi yetu. Januari 2025 ikaisimamisha misaada yake ya nje. Kliniki nyingine zikafungwa, wahudumu wengi wakaachishwa kazi, na hospitali zikaanza kuwachanganya wagonjwa hawa katika foleni moja na wagonjwa wengine. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa akichukua dawa kwa sitara leo huenda akasimama nyuma ya jirani yake, tena jirani wa msikitini. Hapo uhai wake utakuwa juu ya ulimi wa jirani huyo. Hatuna uwezo wa kuiamrisha Marekani. Ulimi tunao uwezo wa kuuzuia.

Basi twawanasihi ndugu zetu mambo haya. Kwanza, wajifunze waoshaji wetu, wanaume na wanawake, kuosha maiti kwa glavu na uangalifu kwa kila maiti, bila ya kubagua, ili pasiwe na josho la huyu na josho la yule. Pili, mgonjwa maskini ana fungu lake katika zaka. Wako watu vilimani wanaokosa dawa kwa kukosa nauli tu ya kuteremka mjini. Naye mkusanyaji zaka asimuulize ila haja yake. Tatu, mgonjwa asiambiwe aache dawa kwa ajili ya kombe au maombezi. Tuliona mwaka 2011 jinsi watu walivyomiminika Loliondo kunywa kikombe, na wengine wakaacha dawa zao kwa tamaa ya kupona. Dua na dawa hazigombani. Nne, mwezi wa Ramadhani mgonjwa amuulize daktari wake: wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, nao waweza kukimeza wakati wa futari au daku, na aliyedhoofika ameruhusiwa kula. Tano, tule nao sahani moja, tuwape mikono, tuwaamkie kwa salamu kamili. Virusi hivi haviambukizwi kwa chakula, wala kwa mkono, wala kwa pumzi.

Mama yule wa vilimani nilirudi kwake baadaye kumtaka radhi. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja tu: kama sala tuliyomsalia mwanawe ilifaa. Nikamwambia kuwa twatumai imefaa, na kwamba aliyepungukiwa siku ile ni mimi. Hakuniambia amenisamehe wala hakunilaumu. Akanyamaza, nami nikaondoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na aturuzuku macho ya kuona aibu zetu kabla ya aibu za wenzetu. Wabillahi tawfiq.