Nani Ale Kwanza? Subira na Haki Siku ya Kupanda Meli

Siku ya kupanda meli ya kitalii huanza kwa abiria wa wiki iliyopita kushuka. Katika bandari ya Miami, ambako meli hizo hufika alfajiri na kung'oa nanga jioni ileile, waliomaliza safari hutoka asubuhi na masanduku yao, maofisa wa forodha na uhamiaji huwakagua, na baada ya hapo ndipo wageni wapya hufunguliwa mlango. Katika saa hizo chache vyumba vyote husafishwa na kutandikwa upya, na vyakula vya safari nzima huingizwa kupitia ubavuni mwa meli. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake bandarini hapo Januari 2024, hubeba abiria 5,610 vyumba vikihesabiwa watu wawili wawili, na ikijaa kabisa hufikisha 7,600. Wafanyakazi wake ni 2,350. Saa moja ikipotea asubuhi gatini, hudaiwa jioni mezani.

Wanaoidai ni watu wenye njaa. Wengi wametua kwa ndege, na cha asubuhi kilikuwa kahawa ya uwanjani. Vyumba kwa kawaida havifunguliwi hadi saa saba au saa saba na nusu mchana, kwa hiyo kila mmoja, mkoba begani, hupanda sitaha ya juu penye bafe, akazunguka na sahani akitafuta kiti. Jioni msongamano huhamia kwenye ukumbi mkuu wa chakula. Kwa utaratibu wa zamani kulikuwa na zamu mbili, ya kwanza kwenye saa kumi na mbili na ya pili kwenye saa mbili usiku, na kila familia ilikuwa na meza yake. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilianzisha mpango wa kila abiria kula wakati autakao, na kampuni nyingine zikaufuata kwa namna zao. Tatizo likabadili sura tu, maana usiku wa kwanza wote huutaka wakati uleule. Mlangoni mkuu wa wahudumu huzingirwa: huyu familia yake imegawanywa meza mbili, yule mwanawe hagusi karanga, mwingine anataka kukaa dirishani.

Kusimama saa moja na njaa mbele ya ukumbi wenye taa za fahari si msiba. Hata hivyo wanafalsafa na wanadini wameshughulika na saa kama hiyo tangu zamani, kwa sababu meza inayochelewa hufichua mambo mawili ambayo meza iliyokwisha andaliwa huyafunika: mtu anamwonaje anayemhudumia, na ni nani anayekula kabla ya wenzake. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Je, anayengojeshwa chakula alichokilipia anadaiwa subira? Na akikasirika kwa haki, hasira hiyo imwendee nani?

Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliandika kitabu kizima juu ya hasira na kumwelekezea kaka yake Novatus. Humo anawataja matajiri wanaochemka kwa sababu mtumwa ana miguu mizito, maji ya kunywa si ya joto walilotaka, au meza imepangwa ovyo. Kwa maoni yake, mambo hayo hayana uzito wowote. Anasa ndiyo iliyoilainisha nafsi hata ikashindwa kubeba unyoya. Na dawa kubwa ya hasira, anasema, ni kuichelewesha. Abiria aliyepandwa na hasira kwa sababu ya kucheleweshwa huenda asifurahie kuambiwa kwamba dawa yake ni kuchelewa zaidi.

Kisa anachokisimulia Seneca kinatisha kuliko ushauri wake. Tajiri Vedius Pollio alimkaribisha Kaizari Augustus chakula. Mtumwa mmoja akavunja kikombe cha kristali, na mwenye nyumba akaamuru atupwe bwawani aliwe na mikunga wakubwa waliofugwa humo. Kijana akaponyoka, akaanguka miguuni pa Kaizari, akaomba jambo moja tu: kama ni kufa, afe kwa njia nyingine. Augustus akaamuru aachwe huru, vikombe vyote vya kristali vivunjwe mbele ya macho yake, na bwawa lile lifukiwe.

Melini leo hakuna bwawa la mikunga. Kuna kaunta ya huduma kwa wageni, na kuna abiria anayefika hapo usiku wa kwanza kuagiza bakshishi iondolewe kwenye hesabu yake kwa sababu chakula kilichelewa. Kampuni nyingi huongeza bakshishi hiyo moja kwa moja, zaidi ya dola 15 kwa mtu kwa siku, na kwa mhudumu ni sehemu ya riziki. Mhudumu mwenyewe mara nyingi ametoka Ufilipino, Indonesia au India kwa mkataba wa miezi kadhaa. Asubuhi hiyo aliwapa chai wanaoshuka, mchana akawalisha wanaopanda. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi Agosti 2013, unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24. Kwa maneno mengine, siku ya kazi ya saa 14 inaweza kuwa halali kabisa. Hakuna aliyemuuliza mtu huyu meza ziwe ngapi wala tiketi ziuzwe ngapi. Kumkata bakshishi ni kumtoza mtu deni la mwingine, na hapo Seneca hana mpinzani.

Lakini Seneca ana upungufu wake. Alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, na ushauri wake unamtazama aliyekaa kula: atulie ili nafsi yake isichafuke. Hauulizi kwa nini watu fulani hukaa na wengine husimama. Swali hilo lililetwa na mtu mwingine wa zama hizohizo, na historia iliwakutanisha karibu sana. Novatus, yule kaka, baadaye aliitwa Gallio, akawa liwali wa Akaya kwenye mwaka wa 51. Mbele ya kiti chake huko Korintho aliletwa mshitakiwa mmoja, fundi wa mahema aliyekuwa akihubiri. Gallio akaona ni mabishano ya kidini, akaitupa kesi. Mshitakiwa huyo alikuwa Paulo.

Korintho ulikuwa mji wa mabaharia, wenye bandari mbili, Lekayo upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Waumini wake walikutana kwa chakula cha pamoja, na miaka michache baada ya kesi ile Paulo aliwaandikia kwa ukali kuhusu mkusanyiko huo. Kila mmoja alitangulia kula chakula chake. Huyu akabaki na njaa, yule akalewa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Hukumu yake inafaa kusomwa polepole. Hawaambii wenye njaa wavumilie. Anawaambia wanaoweza kula mapema wawangoje wenzao, na aliyezidiwa na njaa ale nyumbani kwake kwanza. Mzigo wa kungoja anamtwika mwenye sahani iliyojaa.

Mtu wa Pwani haoni ajabu hapo. Kwenye sinia la pilau la arusi, wanne au watano wakikaribishwa, mkono haunyooshwi mpaka wote wamekaa, na kila mmoja hula upande wake. Hakuna anayenunua upande wa nyama.

Melini upande huo unauzwa, na bei yake inajulikana. MSC Cruises ina Yacht Club, Norwegian ina The Haven: vyumba vya fahari vyenye mapokezi yao, mkahawa wao na sitaha yao, meli ndani ya meli. Carnival huuza kwa ada ya ziada mpango uitwao Faster to the Fun, unaompa mnunuzi nafasi ya kupanda mapema na kuingia chumbani mapema. Mwanafalsafa wa Marekani Michael Sandel, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu vitu ambavyo fedha haipaswi kununua, alianza na sura ya watu wanaolipia kuruka foleni. Hoja yake ni kwamba foleni ina maadili yake, ya aliyetangulia kuhudumiwa kwanza, na soko lina maadili mengine, ya anayelipa anapata. Maadili ya pili yanapoingia mahali pa yale ya kwanza, uhusiano wa watu waliosimama pale hubadilika.

Mtetezi wa utaratibu huo atajibu kwamba anayelipa zaidi hamdhuru mtu. Jibu hilo ni kweli nusu. Mwenye chumba cha fahari akila katika mkahawa wake, uliopikiwa na jiko lake, hakuna aliyepokonywa kiti. Akipitishwa mbele ya mlango uleule ambao mama na watoto wake wamesimama, dakika zake zimetolewa mahali fulani, nazo zimetolewa kwa mama yule. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa, na brosha za kampuni haziitaji.

Basi je, mama yule asubiri kimya? Wengi hudhani dini itamjibu ndiyo, kwa kuwa subira inasifiwa kila mimbari. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mwangalifu zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din aliweka kitabu kizima cha adabu za kula, na kingine cha subira na shukrani. Humo anaigawa subira kwa hukumu zake: ipo ya faradhi, ipo ya sunna, ipo ya makuruhu, na ipo iliyo haramu. Anayekatwa mkono wake, au mkono wa mwanawe, naye akanyamaza, kunyamaza huko ni subira iliyokatazwa. Foleni ya chakula haifikii jinai hiyo hata kidogo, lakini kanuni inasimama: subira hupimwa kwa kile kinachosubiriwa. Wala njaa yenyewe haidharauliwi. Hadithi mashuhuri inaelekeza kwamba chakula cha jioni kikiwa kimekwisha andaliwa na swala imekimiwa, mtu aanze na chakula, na wanazuoni wamefafanua kwamba ni ili moyo usibaki mezani.

Kwa kipimo hicho, ucheleweshaji wa siku ya kwanza hugawanyika. Upo unaostahili subira kamili, na mfano wake mkubwa ni zoezi la dharura. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, Italia, jioni, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Karibu saa nne kasorobo usiku, wengi wakiwa kwenye chakula, iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda jioni ileile hawakuwa wamefanyishwa zoezi la kujiokoa, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Anayenung'unika kwamba ameitwa kituo cha kukusanyika wakati ndiyo kwanza ameshika uma, analalamikia dakika ambazo abiria wale wa Costa Concordia walizikosa. Foleni ya kunawa mikono mlangoni mwa bafe nayo ina sababu yake: ugonjwa mmoja wa tumbo huzunguka meli nzima, na tangu mwaka 1975 Marekani ina mpango wa kukagua usafi wa meli hizo, ambamo alama chini ya 86 kati ya 100 ni kushindwa.

Upo ucheleweshaji mwingine uliopangwa na mtu ofisini: meza chache kuliko tiketi, wahudumu waliopunguzwa, foleni moja iliyouzwa mara mbili. Huo haudai subira, unadai maelezo. David Maister, aliyechunguza saikolojia ya foleni katika makala ya mwaka 1985, alionyesha kwamba mngojo usioelezwa huonekana mrefu kuliko ulioelezwa, usiojulikana mwisho mrefu kuliko wenye kikomo, na wa dhuluma mrefu kuliko wa haki. Kampuni inayomnyima abiria sababu inamrefushia saa.

Kwa hiyo hukumu ni mbili, na zinakwenda pamoja. Kampuni inapaswa kutangaza muda wa kungoja kama inavyotangaza saa ya kuondoka, kutaja sababu, na kuwaingiza kwanza watoto, wazee na wagonjwa wasioweza kukaa na njaa, kabla ya kumwingiza aliyelipa ada. Abiria naye aulize sababu kabla ya kukasirika. Ikiwa ni zoezi la usalama, avae subira. Ikiwa ni mipango mibovu, amwandikie meneja wa huduma na ofisi iliyomuuzia tiketi, ataje saa na ukumbi, adai jibu. Bakshishi ya mhudumu aiache mahali pake.