Haki ya Marehemu Mbele ya Wazao Wake

Anayetafuta nasaba ya babu aliyeishi Denmark katika karne ya 19 hukuta kumbukumbu nyingi kuliko alivyotarajia, kwa kuwa agizo la kifalme la 1812 liliutaka kila usharika wa kanisa la Kilutheri, lililokuwa kanisa la dola, uandike vitabu viwili vinavyofanana, kimoja cha mchungaji na kingine cha karani wake, na vitabu hivyo visihifadhiwe chini ya paa moja, ili moto ukizuka usiviteketeze vyote. Humo ziliingizwa habari za ubatizo, ndoa, mazishi na kipaimara, yaani ibada ambamo kijana huikiri mwenyewe imani aliyobatiziwa utotoni. Na mbele ya jina la kijana huyo mchungaji aliandika tarehe ya chanjo ya ndui, kisha neno moja au mawili juu ya ujuzi na mwenendo wake. Kwa wakulima wengi, tathmini hiyo fupi ndiyo habari pekee ya tabia yao iliyosalia, nayo ilitolewa na mtu aliyekuwa na mamlaka juu yao. Je, mzao anaruhusiwa kumhukumu babu kwa ushahidi wa namna hiyo?

Ukoo wa mwanafalsafa Søren Kierkegaard (1813–1855) unalifanya swali hili lisiepukike. Baba yake, Michael Pedersen, yaani Michael bin Peder, alizaliwa mwaka 1756 kijijini Sædding, Jutland, katika umaskini, akaja kuwa mfanyabiashara tajiri wa Copenhagen. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1796 bila kuzaa. Aprili 1797 alimwoa Ane Lund, mtumishi wa nyumbani mwake, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa Septemba mwaka huohuo. Kila mwenye kuhesabu miezi anaelewa kilichotangulia ndoa hiyo, lakini tarehe hazisemi kama Ane aliridhia, alishurutishwa au alimpenda bwana wake, na anayelijaza pengo hilo kwa dhana zake anamdhulumu mtu asiyeweza kujitetea.

Kierkegaard mwenyewe, katika kitabu chake cha 1847 kuhusu matendo ya upendo, alifundisha kwamba kumkumbuka marehemu ndiko kupenda kusiko na ubinafsi, kwa sababu marehemu halipi fadhila wala hamlazimishi mtu, na kwamba uhusiano ukibadilika, aliyebadilika ni aliye hai. Hoja hiyo ni nzito, ila inamhusu marehemu aliyejulikana alipokuwa hai. Mzao hakumjua babu yake. Kila ukurasa mpya unaweza kuivunja sura aliyokwisha kumchorea, na uaminifu wake hupimwa kwa utayari wa kuiacha sura hiyo ivunjike, hata pale inapokuwa imempa fahari.

Wala kunyamaza si heshima. Katika vitabu alivyovichapisha, Søren aliandika kwa kina juu ya uhusiano wa baba na mwana, lakini mama yake hakumtaja kwa jina. Kumbukumbu za kanisa zilimtaja. Kwa hiyo anayeandika nasaba hii akiificha tarehe ya ndoa ili kumsitiri Michael anamfuta Ane kwa mara ya pili, ilhali akiziweka tarehe zote mbili kama zilivyo, bila kivumishi chochote, anawatendea haki wote wawili kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu.