Chanzo Hujulikanaje? Kivinjari Kizito na Faili Lililo Karibu

Faili lililohifadhiwa ndani ya kompyuta halihitaji intaneti ili lifunguke. Hata hivyo, katika steshenari ya Chamazi, wilayani Temeke, ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa hivyo unaweza kusuasua kwenye kivinjari, na lawama ya kwanza ikaangukia mtandao au ukuukuu wa kompyuta. Hapo huzuka swali la kifalsafa: chanzo cha jambo hujulikanaje?

Mwanateolojia wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alitoa hoja kwamba anayeona pamba ikiungua inapoguswa na moto haoni ulazima wowote. Huona mambo mawili yakiandamana tu. Mwanafalsafa David Hume alifikia hoja ya jirani na hiyo katika karne ya 18. Kwa hiyo kompyuta kuukuu inayochelewa bado haijathibitisha kwamba uzee ndio chanzo.

Mwaka 1843, mwanafalsafa John Stuart Mill alieleza njia ya tofauti: hali mbili zifanane kwa yote isipokuwa jambo moja. Kwa njia hiyo, intaneti ikizimwa na ukurasa ukafunguka upesi, huenda faili lilikuwa likiagiza fonti au picha kutoka seva ya mbali. Viendelezi vya kivinjari vikizimwa na kasi ikarudi, kimojawapo ni mshukiwa. Kivinjari kingine nacho kikichelewa, uchunguzi uhamie kwenye diski, au kwenye programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili.

Majaribio hayo hayamjibu Al-Ghazali, ambaye kwake mtendaji wa kweli ni Mungu. Yanachofanya ni kupunguza dhana moja baada ya nyingine, na kwa mwenye kutafuta la kufanya, hilo linatosha.