Nyimbo za Bibi Zetu na Swali la Yuda



Leo tuongee habari ya pesa. Najua, ukisikia pesa na Kanisa kwa pamoja unaanza kuitafuta kadi ya mchango. Tulia, leo sikuletei kadi. Nakuletea swali.

Likizo iliyopita, kule nyumbani Ufipa, nilikuta vijana wa kigango kimoja wana wazo. Wanataka kuwakusanya mabibi na mababu wa vijiji vya jirani, wakae na vijana na watoto kwa siku mbili, waimbe nyimbo za zamani: za kulimia, za kutwangia, za harusi, za kubembelezea watoto, za msibani. Si mashindano na hakuna jukwaa. Mzee anaanzisha, mjukuu anaitikia, basi. Wakapiga hesabu: nauli za wazee wanaotoka mbali, unga, maharage, kuni, sukari, mablanketi (baridi ya Julai ya Sumbawanga unaijua), na simu nzuri ya kurekodia. Ikaonekana lazima wachangishe.

Wazo likafika jumuiyani. Mama mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Wanangu, paa la kigango linavuja, na kuna yatima hapa hawana sare za shule. Hiyo pesa ya kuimbia si bora tuwasaidie maskini?" Vijana kimya.

Wewe ungemjibu nini?

Hoja ijibiwe kama hoja

Wapo watakaokimbilia kusema, "Hilo ni swali la Yuda!" Ni kweli, katika Yn 12:1-8 anayelalamika ni Yuda Iskariote, pale Maria wa Bethania alipompaka Yesu miguu kwa marhamu ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ni karibu mshahara wa mwaka mzima, umemwagwa sakafuni jioni moja. Lakini darasa la mantiki linatufundisha kwamba ubaya wa msemaji hauifanyi hoja yake iwe mbaya. Mwinjili anasema Yuda alikuwa mwizi. Mama yule si mwizi, anawawazia yatima. Anastahili jibu.

Tuangalie Yesu alijibu nini hasa. Hakusema maskini hawana maana. Maneno yake kwamba maskini watakuwapo siku zote yanatoka Kumb 15:11, na ukiufungua mstari ule utakuta unaendelea kwa amri ya kumfumbulia mkono ndugu maskini. Kwa hiyo kuwasaidia maskini ni wajibu wa kila siku, haufutwi na sherehe yoyote. Alichokionesha Yesu ni wakati. Yeye alikuwa anakwenda zake. Maria aliliona hilo, wengine mezani hawakuliona.

Hapo napata kipimo kimoja: kuna mema yanayoweza kusubiri na kuna mema yasiyosubiri.

Chukua mfano wa kwetu. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, marefu kumpita mtu, kisha wakakisafisha chuma kile katika vitanuri vidogo, vintengwe. Kazi hiyo ilikufa wakati wa ukoloni, lakini mpaka leo kuna mahali uwandani utakuta mabaki ya tanuri, au masalia ya chuma yametapakaa shambani. Mtafiti akija anapima, anapiga picha, anaelewa kidogo walivyofanya. Tanuri likifa linaacha gofu. Wimbo je? Wimbo hauachi gofu. Bibi akizikwa nao, hakuna mahali utakapokwenda kuchimba.

Roy Willis, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza, aliishi Ufipa miaka ya 1960, akasikiliza wazee wakisimulia, na mwaka 1978 kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wafipa kikachapishwa Oxford. Namshukuru. Ila fikiria: mwanafunzi wa Oxford anaweza kwenda maktaba akasoma simulizi za babu zetu, na sisi wajukuu wa Laela, Namanyere na Matai tunaweza tusijue hata moja. Yule aliwasafiria kutoka ng'ambo. Sisi tunakaa nao nyumba moja, kila mtu na simu yake.

Sasa kuwa makini, kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Njaa nayo haisubiri. Kama kuna mtoto kigangoni analala bila kula usiku huu, nyimbo zingoje, wala hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo swali la haki si "nyimbo au maskini?" Swali ni "nani kati ya hawa hawezi kusubiri?" Ndivyo vijana wale walivyomjibu mama: mahindi ya kwanza watakayokusanya yatakwenda kwenye sare za wale yatima, na yatakayofuata kwenye mkutano wa wazee. Paa wataendelea nalo kwa mpango wa kigango. Mama akasema, "Sawa, na mimi nina debe langu."

Tena, tukitamka neno "maskini" tunawaza tumbo tu. Bibi anayeletewa dawa na sukari, lakini hakuna anayemuuliza neno mwaka mzima, yeye si maskini? Papa Fransisko katika Christus Vivit (2019) aliweka sura nzima juu ya vijana wenye mizizi, na mwaka 2021 akaanzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Kwetu hiyo ni saa nzuri: mvua zimekata, mahindi yanaingia ghalani, hata asiye na pesa ana kitu mkononi.

Pesa haiharibu nyimbo?

Hoja ya pili ilitoka kwa mzee mmoja: "Zamani sisi hatukulipwa kuimba. Mkianza kulipana mtauharibu." Mzee huyu amegusa jambo zito. Mwaka 1970 Richard Titmuss wa Uingereza aliandika kitabu juu ya damu ya hospitali. Alilinganisha Uingereza, ambako watu walitoa damu bure, na Marekani, ambako wengi waliiuza, akadai kwamba bei ikiingia, moyo wa kutoa hupungua na hata damu yenyewe huwa na mashaka zaidi. Wasomi wamebishana naye, lakini wasiwasi wake tunauelewa: kuna vitu ukivibandika bei vinageuka kuwa kitu kingine.

Lakini je, zamani nyimbo zilikuwa za bure kabisa? Jiulize wazee waliimba wapi. Mwenye shamba aliwaita majirani kuja kulima kwa ujima, akapika ugali, akaandaa pombe ya ulezi. Watu wakalima, wakaimba, wakala, wakanywa. Mwenye shamba asiyeandaa kitu, mwaka unaofuata angelima peke yake. Mkono mtupu haulambwi. Wimbo haukuuzwa, lakini ulilishwa.

Tofauti hiyo, kuuza na kulisha, ndiyo Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaigusa anapojadili usimoni katika Summa (II-II, swali la 100). Unakumbuka Simoni mchawi, aliyetaka kununua kipaji cha Roho Mtakatifu kwa fedha (Mdo 8:18-20). Tomaso anasema kupokea kitu kama bei ya jambo la kiroho ni dhambi, lakini kupokea kitu cha kumtunza anayehudumu si dhambi. Nyimbo za bibi si sakramenti, lakini kipimo kinatufaa. Nauli, chakula, blanketi na kitenge cha shukrani, hayo ni kumtunza. Ukianza kusema wimbo mmoja ni shilingi fulani, na mwenye nyimbo nyingi alipwe zaidi, hapo umefungua duka. Na ukisema "wazee waimbe bure, si ni heshima kwao?" huku umelipia maturubai na spika, huo si utakatifu, ni unyonyaji umevaa kanzu.

Pesa ya nani?

Hapa ndipo penye mtihani. Alijitokeza mdau mmoja, mtu mwenye uwezo, akasema atagharamia yote. Sharti lake: fulana zenye picha yake, yeye awe mgeni rasmi, na wazee watunge wimbo wa kumsifu. Kwa mkupuo mmoja kazi ya miezi mitatu imekwisha! Baadhi ya vijana wakashawishika. Wenzao wakakataa, wakasema kama ni mchango alete kama wengine, jina lake liandikwe daftarini pamoja na la mwenye kuku mmoja.

Naona walifanya sawa. Si kwamba pesa ya tajiri ni chafu. Yusufu wa Arimataya alikuwa tajiri, na kaburi alilotoa lilikuwa kaburi jema. Shida ni lile sharti. Bibi aliyefundishwa wimbo na mama yake ameutunza kwa miaka zaidi ya 60 bila kulipwa na mtu, sasa anaambiwa auweke pembeni kwanza amsifu mwenye fulana. Mkutano umeandaliwa ili wazee wasikilizwe, na jambo la kwanza linalofanyika ni kuwaambia cha kusema.

Injili inatupa mambo matatu ya kushika tunapochangisha.

Kwanza, tusiwakamue wajane. Tunapenda kuhubiri senti mbili za mjane (Mk 12:41-44) ili watu watoe. Rudi nyuma mistari michache. Mk 12:40, Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane. Hizo habari mbili zimepangwa pamoja. Kadi ya mchango isiwe na kiwango cha chini kinachomtia bibi aibu mbele ya jumuiya.

Pili, tusipige tarumbeta (Mt 6:2). Harambee zetu za kutaja majina na kushangilia laki huku buku likipokelewa kimya, zinafundisha nini watoto? Mtakatifu Paulo aliwashauri Wakorinto kila mmoja aweke akiba kidogo kidogo siku ya kwanza ya juma, kadiri ya uwezo wake (1 Kor 16:2). Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alisafiri na ndugu walioaminika ili asilaumiwe na mtu (2 Kor 8:18-21). Kama mtume alihitaji mashahidi, mweka hazina wa vijana anahitaji daftari na risiti, na matumizi yasomwe kigangoni baada ya Misa.

Hili ni jambo la Kanisa?

Atakayeuliza hivyo mkumbushe Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati juu ya Liturujia, Desemba 1963, kifungu cha 119, inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni uheshimiwe na upewe nafasi inayostahili. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na nenda Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika, aliunganisha ngoma za Wasukuma na sikukuu ya Ekaristi. Mpaka leo Bulabo inachezwa, Bagika na Bagalu wakichuana. Haikuanzia kwetu Ufipa, lakini kwa nini isifike?

Si kila wimbo utaingia kanisani, na si lazima. Mingine ni ya shambani, ibaki shambani. Mingine itatupa maswali ya imani, tutayapima kwa utulivu pamoja na paroko wetu. Na bibi akisema "huu msiurekodi", simu izimwe. Ni wimbo wake.

Kilichobaki

Ukipita uwanda wetu utaona matuta ya mviringo ambayo Wafipa wamelima tangu enzi. Majani ya msimu unaokwisha hayachomwi, yanafukiwa chini ya udongo, yaoze, msimu unaofuata yalishe mazao. Mkulima akiyaacha yakauke juu juani, upepo unayachukua na udongo unabaki na njaa. Ndivyo ilivyo kizazi kinapopokezana na kizazi. Zab 78 inawaagiza wazee wasiwafiche watoto wao waliyoyasikia kwa baba zao. Lakini mzee hawezi kusimulia kama hakuna aliyekaa chini kumsikiliza.

Pesa italeta nauli, unga na blanketi. Haiwezi kukufanya umwamkie bibi, uketi karibu naye, na ujifunze neno moja la Kifipa usilolijua. Mchango huo hauna kadi, na hakuna mdau wa kukulipia. Usingoje mkutano. Jumapili hii baada ya Misa, nenda na sukari robo, umwombe akuimbie mmoja.

Tuombe: Ee Mungu wa Abrahamu na Sara, wa Yoakimu na Anna, utupe mikono inayofumbuka kwa maskini na masikio yanayofumbuka kwa wazee. Utulinde tusiuze tulichopewa bure, wala tusiwanyime wanaotupa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.